Dakota ya 1/72: kipi ukichonge, kipi ukinunue, na ndege uiweke juu ya nini

Boksi la modeli ya plastiki ya Dakota, ile ndege ya zamani ya injini mbili iitwayo pia DC-3 au C-47, kwa skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), liwe la kampuni ya Airfix au ya Italeri, lina ndege nzima ndani yake. Ila ni ndege iliyokatiwa kona na kiwanda ili plastiki itoke vizuri kwenye mashine. Mlango wa mizigo umetoka mnene, mirija ya pito (ya kupimia kasi ya hewa) chini ya pua imevimba, waya za antena hazimo, na kuhusu pa kuiweka ndege ikishakamilika, boksi halina neno. Mapengo hayo yanazibwa kwa njia tatu: kuchonga mwenyewe, kuchapa kwa printa ya 3D, au kuagiza vipande vya ziada kutoka nje. Kila njia ina wafuasi wanaoiapia. Mimi nasema kabla ya kuchagua njia, pima unene wa kitu chenyewe, kwa sababu unene ndio utakaokuchagulia.

Dakota halisi ina mita 28.96 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya pili. Gawanya kwa 72, unapata sentimita 40.2. Hilo kila mtu huliona. Lisiloonekana haraka ni kwamba bati la ngozi yake, ambalo ni la milimita moja hivi na mahali pengi pungufu, linapaswa kuwa milimita 0.014 kwenye modeli. Mlango wa boksi wenye unene wa milimita moja ni sawa na mlango wa sentimita saba kwenye ndege ya kweli, mlango wa benki. Ukiufunga hakuna atakayejua. Ukiuacha wazi, kila mtu atajua hata kama hawezi kukueleza ni nini kimemkera.

Kwa hiyo jizoeshe kuzidisha kwa 72 kila unaposhika kitu. Karatasi ya plastiki ya milimita 0.25 inakuwa milimita 18. Bati la kopo la soda, milimita 0.1 hivi, linakuwa milimita 7. Foili ya jikoni inaangukia kwenye milimita moja, yaani ngozi halisi ya ndege. Uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, ule wa feni au pasi, mara nyingi ni milimita 0.2, sawa na bomba la milimita 14. Unywele wa kichwani unakaribia milimita 5. Kijiti cha kibiriti, milimita 2, ni boriti la sentimita 14. Ukishakuwa na hesabu hiyo kichwani, ubishi mwingi unajimaliza.

Milango na vifuniko: plastiki au bati la kopo

Plastiki ya karatasi, yaani polistirini, ndiyo rafiki wa kwanza wa mchongaji. Unaichora kwa ncha ya kisu mara mbili tatu, unaikunja, inakatika mstari ulionyooka. Inashikana na plastiki ya boksi kwa gundi ileile ya majimaji, kwa kuwa zote ni aina moja, na kiungo ukikipiga msasa hakionekani tena. Usipoipata dukani, tafuta vikombe vya mtindi vyenye alama ya 6 na herufi PS chini. Kadi za benki zilizokwisha muda zinavutia kwa unyoofu wake, lakini ni PVC: gundi ya polistirini haizishiki vizuri, utahitaji supaglu, na kiungo hakitakuwa na nguvu ileile.

Bati la kopo lina faida moja tu juu ya plastiki, lakini ni kubwa: ni jembamba na linabaki na umbo ulilolipa. Mlango wa mizigo wa Dakota umejipinda kufuata mviringo wa kiwiliwili. Plastiki ukiipinda hutaka kurudi, mpaka uifunge kwenye chupa na kuitia maji ya moto. Bati unalibingirisha juu ya kalamu kwa kidole gumba na limekubali. Ukilaza bati kwenye kipande cha gazeti kilichokunjwa na kupitisha ncha ya bolpeni upande wa nyuma, unapata mbavu za ndani za mlango zilizoinuka upande wa pili. Kazi ya namna hiyo kwa plastiki ni vipande kumi vidogo na macho kuuma.

Kasoro zake ni hizi. Kingo zake hukata vidole. Ndani kuna utando wa plastiki na nje kuna rangi, vyote vitoe kwa msasa kabla ya kugundisha, la sivyo supaglu itaushika utando na utando utaliachia bati. Tena ukilipiga kibonyeo kwa bahati mbaya, hakitoki.

Kwa hiyo milango iliyo wazi na vifuniko vya injini vilivyofunguliwa, chukua bati. Sakafu, kuta za ndani, masanduku ya redio nyuma ya rubani, meza na rafu, chukua plastiki. Habari ya kupanga vichwa vya riveti juu ya bawa zima isikunyime usingizi. Kichwa cha riveti cha milimita 6 kinakuwa milimita 0.08 kwenye modeli, na ukikitokeza mpaka kikaonekana umbali wa mkono, tayari umekikuza mno.

Mirija ya pito na waya: hapa ndipo kuchonga kunashinda

Dakota ina mirija miwili ya pito inayoning'inia chini ya pua. Ni alama ya ndege hii, na ndiyo kitu cha kwanza kuvunjika, kwa kuwa kila unapoigeuza modeli vidole vinapita hapo. Ya boksi ni minene na ni dhaifu kwa pamoja.

Nenda duka la dawa, nunua sindano mpya. Ya namba 30 ina unene wa nje wa milimita 0.31, yaani sentimita 2.2 kwenye ndege ya kweli. Ya namba 27 ni milimita 0.41, sentimita 3. Mojawapo itakufaa, na zote zina tundu halisi mbele, kitu ambacho hakuna plastiki inayokupa. Usiikate kwa mkasi wala koleo. Chuma cha sindano kitabonyea na tundu litaziba. Ibingirishe chini ya tupa ya pembe tatu mpaka mkwaruzo uzunguke pande zote, kisha ikunje, itakatika safi. Ncha yenye makali itupe ndani ya chupa iliyofungwa, si kwenye pipa la taka ambamo mtoto ataingiza mkono.

Mguu unaoshikilia mrija utoke kwenye kipande cha shaba njano au kwenye karatasi ya plastiki ya 0.5 iliyopigwa msasa mpaka iwe na umbo la jani. Toboa tumbo la ndege kwa biti ndogo, ingiza mguu milimita tatu ndani, ndipo utie supaglu. Mguu uliogundishwa juujuu tu hauna maisha.

Kuna seti za mirija hii za shaba zinazouzwa tayari, na ni nzuri. Lakini kwa sindano mbili unapata kitu kilekile, na hulipii usafirishaji wala kusubiri mzigo forodhani. Hapa sioni sababu ya kununua.

Kwa waya za antena uchaguzi ni mwembamba zaidi. Uzi wa kuvulia samaki wa 0.15 ni sawa na kamba ya sentimita moja na zaidi. Kwa 1/72 ni mnene, ingawa hauvunjiki. Nywele ina kipimo kizuri, lakini hulegea unyevu ukizidi, na kwa anayekaa Tanga au Mombasa hilo si jambo la nadharia. Ninaopendelea ni uzi wa plastiki unaouvuta mwenyewe: chukua kipande cha fremu iliyobeba vipande vya boksi, kizungushe juu ya mshumaa bila kugusa moto mpaka kilainike, kiondoe motoni, hesabu moja, halafu vuta kwa mkupuo mmoja. Ukivuta polepole unapata mnene, ukivuta haraka unapata unaopepea kwa pumzi. Ukishaugundisha ncha zote mbili, pitisha ubani uliowashwa chini yake kwa mbali na uzi utajikaza wenyewe. Ukisogeza ubani karibu mno, umekwisha.

Mabomba ya breki kwenye miguu ya magurudumu na waya za plagi kwenye injini ni kazi ya shaba. Milimita 0.1 inatosha, na nyuzi hizo zimejaa ndani ya chaja mbovu za simu.

Injini na viti: vipande vinavyojirudia

Mambo yanageuka unapohitaji kitu kimoja mara nyingi. Injini ya Dakota, Pratt & Whitney R-1830, ina silinda 14 katika safu mbili za saba. Injini mbili ni silinda 28. Kabla hujakata tamaa, tazama mbele ya ndege: vifuniko vikiwa vimefungwa, zinazoonekana ni saba za mbele tu kila upande, nusu yake zikiwa nyuma ya rafadha. Safu ya nyuma iache. Anayefungua vifuniko ndiye mwenye deni la silinda zote.

Silinda moja ya kuchonga inakwenda hivi. Kipenyo cha ndani cha silinda halisi ni sentimita 14, na ukiongeza ukuta na mapezi ya kupozea unakaribia 18, yaani milimita 2.5 kwenye modeli. Chukua fremu ya duara ya milimita 2, zungushia uzi wa shaba wa 0.2 ukibana mzunguko kwa mzunguko, tia tone la supaglu jembamba, kata kwa urefu unaotaka. Mapezi yanakuwa makubwa kidogo kuliko haki, lakini jicho linayakubali. Ya kwanza inafurahisha. Ya kumi na nne inachosha, na ya mwisho haifanani na ya kwanza.

Hapo ndipo rezini, plastiki ya majimaji inayoganda, inapoingia. Unachonga silinda moja nzuri kabisa, unaitengenezea kalibu ya silikoni, unamimina rezini ya sehemu mbili mara nyingi utakavyo. Vyote vinafanana. Gharama iko kwenye kopo la kwanza la silikoni na rezini, ambalo ni kubwa kuliko mahitaji ya ndege moja na huharibika likishafunguliwa na kukaa. Kwa mtu anayejenga Dakota moja tu, hesabu haikubali. Kwa wawili watatu wanaochanga, inakubali sana.

Printa ya 3D nayo usiiweke yote kwenye kapu moja. Printa ya uzi wa plastiki, inayotandika tabaka za milimita 0.1 hadi 0.2, inaacha ngazi za milimita 7 hadi 14 kwa kipimo cha ndege ya kweli. Kwa injini haifai hata ikipigwa msasa, kwa kuwa msasa hauingii katikati ya mapezi. Printa ya rezini inayogandisha kwa mwanga inatandika tabaka za 0.05 au 0.03, na hapo injini nzima yenye mapezi na waya inatoka kwa mkupuo mmoja, bora kuliko mkono wangu na wa wengi ninaowafahamu. Ukipeleka faili kwa mtu wa kuchapa, swali la kwanza liwe printa yake ni ya aina gani, bei baadaye. Na kama printa ni yako, vaa glavu na fungua madirisha. Rezini mbichi si kitu cha kugusa kwa ngozi.

Msimamo wangu: injini, chapisha kwa rezini au nunua. Viti, inategemea mlango. DC-3 ya abiria ya mwanzo ilikuwa na viti 21, na C-47 ya jeshi ilikuwa na mabenchi ya kukunja kando ya kuta. Dakota nyingi za kiraia baada ya vita zilikuwa C-47 zilizobadilishwa, ndiyo maana nyingine zilibaki na mlango mpana wa mizigo. Mlango ukiwa umefungwa, kupitia vidirisha vile hutaona kiti, utaona giza. Paka ndani rangi ya kijivu, endelea na maisha. Mlango ukiwa wazi, tengeneza safu tatu zilizo karibu nao na ukuta wa kitambaa mbele yake.

Bati tupu na nembo

Nachukulia kwamba unataka Dakota ya East African Airways, shirika lililoanza 1946 na kusambaratika 1977, maana ndiyo Dakota yetu. Sehemu ya bati tupu ina njia mbili. Rangi ya fedha ya kupuliza ni rahisi na inasamehe. Foili ya jikoni iliyobandikwa kwa gundi nyembamba, kipande kwa kipande kufuata mistari ya bati, inang'aa kama chuma kwa kuwa ni chuma, ila haisamehe hata chembe moja ya vumbi chini yake. Kwa modeli ya kwanza, rangi.

Nembo ya simba na maandishi unaweza kuyachapa kwa printa ya wino kwenye karatasi maalumu ya nembo za maji, lakini printa ya kawaida haina wino mweupe. Chochote cheupe kikate kama kiolezo na kupuliza. Angalia pia herufi za usajili ziendane na mwaka uliochagua: ndege zilizosajiliwa Kenya zilikuwa VP-K kabla ya uhuru, baadaye 5Y; za Tanganyika VR-T, kisha 5H; za Uganda VP-U, kisha 5X. Ndege yenye 5H na rangi za miaka ya hamsini ni kosa ambalo wazee waliofanya kazi uwanjani wataliona kabla hujamaliza kuwasalimu.

Uiweke juu ya nini

Chaguo la kwanza ni ndege angani, juu ya mti wa shaba, yaani ufito, uliochomekwa kwenye kipande cha mninga au mvule. Inachukua nafasi ndogo na vumbi halina pa kujificha. Lakini ina madai yake. Magurudumu ya Dakota hayaingii yote ndani yakikunjwa. Karibu nusu ya tairi hubaki nje, kwa hiyo usiyafiche kwa kuziba tundu. Rafadha ikiwa imesimama angani, ndege inaonekana imepata ajali. Kata mapanga yake, uweke duara la plastiki ya uwazi la kipenyo cha milimita 48 au 49, kwa kuwa rafadha halisi ni mita 3.5. Jalada la uwazi la kufungia ripoti, linalouzwa duka la vifaa vya ofisini, linafaa. CD iliyochubuliwa haifai: milimita 1.2 yake ni sentimita 8.6. Tundu la mti litoboe kabla ya kuunganisha nusu mbili za kiwiliwili, mahali ambapo ndege inasawazika ukiipumzisha juu ya kidole.

Chaguo la pili, ambalo kwa Dakota ndilo lenye utamu, ni uwanja wa murram. Ndege hii hukalia mkia, pua juu, na mkao huo unaonekana tu ikiwa chini. Tena haihitaji uzito wa risasi puani kama ndege ya jeti ya VC10, ambayo injini zake nne ziko nyuma na bila uzito hukalia makalio.

Udongo mwekundu wa kweli ni bora kuliko rangi yoyote, mradi uuchuje. Punje ya nusu milimita ni jiwe la sentimita 3.6, na uwanja wa mawe hayo ungepasua tairi. Chuja kwa soksi ya nailoni, si chujio la chai. Ukaange kwanza kwenye sufuria kuua wadudu na ukungu. Tandaza juu ya plaiwudi iliyopakwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni, na ujue gundi itaufanya udongo uwe mweusi kidogo, hivyo chagua mwekundu mpauko. Nyasi fupi zitoke kwenye unga wa mbao wa seremala uliotiwa rangi. Nyuzi za katani zinavutia macho, lakini milimita 0.2 yake ni fimbo ya milimita 14: tumia kwa matete au paa la kibanda, si kwa nyasi.

Pipa la mafuta la lita 200 lina kimo cha sentimita 88 na kipenyo cha 58. Kijiti cha duara cha milimita 8 cha seremala, kikikatwa kwa urefu wa milimita 12, ndicho pipa lenyewe. Zungushia nyuzi mbili za shaba kwa zile pete za katikati, paka rangi, kwaruza kidogo. Vigingi vya kuzuia magurudumu ni kibiriti kilichokatwa mshazari. Watu nunua. Kuchonga uso wa mtu mwenye kimo cha milimita 24 ni kipaji kingine kabisa. Watu wa reli za mfano za Kiingereza za 1/76 wanakubalika. Wale wa 1/87 wataonekana watoto wa shule waliokuja kushangaa ndege.

Kati ya njia hizi mbili, kama ndege yako ina mlango wazi, mirija ya sindano na mabomba ya shaba, iweke chini. Angani hakuna atakayeviona. Kama umeijenga kama ilivyotoka boksini na rangi ndiyo fahari yako, ipandishe juu ya mti.

Kwa vyovyote ifunike, maana vumbi la nchi kavu na chumvi ya pwani havina huruma na nyuzi za antena. Kwa ndege ya bawa la sentimita 40.2 na urefu wa 27, boksi la ndani lisipungue sentimita 46 kwa 34, na kimo cha 15 kinatosha ikiwa iko chini. Juu ya mti ongeza. Fundi wa vioo na alumini atakutengenezea la kioo cha milimita 4 litakalokuwa na kilo nne hivi. La akriliki ya milimita 3 litakuwa kama kilo moja na nusu, na likianguka halivunji kila kitu kilichomo. Kioo hakikwaruziki na hakivuti vumbi. Akriliki hufanya vyote viwili. Nyumba yenye watoto, akriliki. Rafu ya juu isiyoguswa, kioo. Akriliki isafishe kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni kidogo, kamwe si kwa spiriti wala dawa ya kusafishia vioo, kwa sababu hutia nyufa ndogondogo zisizofutika. Na usifunge boksi siku uliyotumia supaglu. Iache ndege wazi usiku kucha, la sivyo mvuke wa supaglu utapaka madirisha yote ukungu mweupe.